Sufuria Moja kwa Wadai Wote

Walisema sitamaliza chuo, kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kukimaliza. Nikamaliza, na diploma yangu ya upishi imetundikwa ukutani ofisini kwangu mjini Kiboko, ndani ya kioo, mahali ambapo hata mtu aliyeingia kuuliza njia lazima aione. Walisema sitapata viza. Nikapata, na nikapika huko Ghuba kwenye jiko ambalo meza yake moja ni ndefu kuliko kanisa letu. Walisema nikirudi nitarudi na sanduku tupu. Nilirudi na akiba ya kufungua kampuni yangu ya kupikia harusi, na figo mbili zilizokuwa zimekufa. Hilo la figo hakuna aliyelitabiri.

Nilipotoka hospitali nikitembea kwa miguu yangu, figo mpya ikiwa tumboni, wakatunga lingine. "Ataishi, sawa," walisema sokoni kwetu Zombe, "lakini kula na watu, hapana. Krismasi ya huyo imekwisha." Yale mengine niliyavunja kwa bidii tu. Hili la mwisho lilinisumbua.

Figo ninayotembea nayo ni ya dada yangu, aliyeolewa Mbumbuni. Yeye alitoa figo, na watu wa Zombe wakatoa kila kitu kingine. Harambee ilifanyika kwenye uwanja wa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Watu walileta jogoo, mbuzi, magunia ya ndengu. Na kila mmoja alisema ananikopesha, hakusema ananipa, kwa sababu mgonjwa ukimwambia unampa atadhani unamuaga. "Utalipa ukipona," waliniambia, na neno hilo lilinisaidia kuliko sindano nyingi.

Nikapona. Kampuni ikasimama. Nikawapigia simu mmoja mmoja nikitaka kulipa, na wote wakakataa kama waliokubaliana. "Pesa weka," alisema mzee mmoja aliyenikopesha jogoo wake wa pekee. "Njoo Krismasi ule kwangu, nikuone ukitafuna. Hapo nitajua umelipa."

Tatizo likaanzia hapo. Mtu aliyepewa figo ya mwingine hupewa pia dawa za kumeza kila siku, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Dawa hizo huuzuia mwili usiifukuze ile figo. Mimi hueleza hivi: nyumba yako ina mbwa mkali, na amekuja mgeni wa kukaa. Utamfunga mbwa ili asimrarue mgeni. Lakini mbwa aliyefungwa hamfukuzi fisi pia. Mafua yanayompita mtu mwingine kwa siku chache yanaweza kunirudisha wodini. Nyama iliyolala, maziwa yasiyochemshwa, kachumbari iliyooshwa kwa maji ya kisima, chumba kilichojaa watu wanaokohoa: daktari wangu alivitaja vyote huku akinitazama kwa ukali, maana alijua Desemba inakaribia.

Watu hawakujua hayo. Walichokiona ni mashavu. Dawa hizo hujaza uso, na nilifika Zombe, Krismasi ya kwanza, nikiwa na uso wa mwenye hoteli tatu.

"Tazama alivyonona!" shangazi alipiga kelele mlangoni. "Baba, umerudi!"

Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Kwetu hilo si utani. Nikifurahi kwake, baba yake amefurahi, na nikikasirika, aliye kaburini amekasirika.

Sebule yake ilikuwa imejaa mpaka kwenye kizingiti, jamaa wa Mombasa na wa Nairobi wamebanana kwenye makochi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, spika inapiga nyimbo za injili. Na katikati ya kochi kubwa alikaa mtoto wa binamu yangu, amepakwa ile dawa ya rangi ya waridi, vipele vya tetekuwanga mwili mzima. Kwa mtoto, tetekuwanga ni mwasho. Kwangu mimi ni kifo. Nikasimama nje, barakoa usoni.

Shangazi akaja kunibariki. Ni mama wa kanisa, wimbo haumpiti, lakini baraka za mama yake hakuziacha: mtoto aliyetoka safari ndefu hutemewa mate kidogo kifuani, kisha anaambiwa aishi. Alipokusanya mate nikarudi nyuma hatua moja. Akadhani ninacheza. Akanifuata. Nikarudi tena, mpaka mgongo ukagusa pikapu yangu.

"Aya," alisema, akameza mate yake. "Basi kula."

Akaniletea sahani. Mbuzi aliyechinjwa alfajiri, amepikwa, amefunikwa kwa sahani nyingine tangu asubuhi, amepoa kabisa. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uliopakuliwa mapema ili wageni wasingoje. Kwa upendo wake wote, ilikuwa sahani ambayo nimesomea diploma ili nisiile.

"Nimekula, mwaitu," nikamwambia. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo nimwitavyo. Kisha nikafanya nililoona ni la busara: nikafungua mlango wa pikapu, nikatoa mkebe wangu wa chakula nilichojipikia, nikala nikiwa nimekaa nyuma ya usukani.

Jirani yake, mzee wa kanisa anayependa kuchekesha watu, akaniona kutoka uwanjani. "Ona huyu! Anakula kwa gari kama dereva wa lori! Kwani chakula cha nyumba hii kina nini?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kimoja kimoja.

Ukambani swali hilo halina mzaha ndani yake. Mtu akikataa chakula chako, hajasema ameshiba. Amesema anajua ulichotia ndani. Na aliyekataa akiwa ni yule uliyemlea kwa mikono yako, basi wengine watafanya nini? Huyo ndiye anayejua siri za nyumba.

Mimi nilirudi Kiboko nikijisifu. Vipimo vya Januari vilitoka safi, daktari akasema nimejitunza kama wachache. Dada yangu ndiye aliyeniharibia sherehe, karibu na Pasaka, kwa simu.

"Kaka, umesikia ya shangazi?"

"Anaumwa?"

"Afadhali angeumwa. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kwake mwezi uliopita. Akapika chai, akakaanga mandazi. Unajua walisema nini? Wamefunga."

"Nani amefunga?"

"Wote! Kikundi kizima kilifunga siku moja, kaka, na hakuna aliyetangaza maombi. Wakaomba, wakaondoka, chai ikamwagiwa kuku. Na sokoni beseni lake la mandazi linarudi nyumbani vile lilivyoenda. Wanasema, kama mtoto wake mwenyewe alikula kwa gari... Hiyo figo ni yangu, na mimi muthokoi wa shangazi sijawahi kuukataa. Iulize."

Nikampigia shangazi. "Niko sawa, baba," akasema, na simu ikakatika. Mara ya pili haikushikwa.

Nilikwenda mwenyewe, katikati ya wiki, siku isiyo na soko wala wageni. Kutoka Kiboko nilishika barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, nikapanda ile lami ya Mutomo hadi Kitui, kisha Zombe, vioo vya gari vikiwa chini na barakoa mfukoni. Nilimkuta anachambua ndengu kwenye kivuli cha tangi la maji. Akanivutia kiti, akakiweka mbali na chake. Akajifuta mikono.

"Sitakupa maji," alisema.

"Mwaitu..."

"Sitakupa hata maji. Ukikataa mara ya pili, mimi nahama hapa. Nitaenda kukaa kwa dada yako Mbumbuni, nizeekee kwa wakwe kama mtu asiye na kwao."

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Nikamweleza habari za mbwa na fisi, polepole, kama ninavyowaeleza wafanyakazi wangu kwa nini nyama mbichi haiwekwi juu ya iliyopikwa. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutupa mawe.

"Kwa hivyo ni mate yangu, au ni yule mtoto wa vipele?"

"Vyote. Na ile nyama iliyopoa."

"Ile nyama ilikuwa paja. Nilikufichia paja."

"Najua."

"Mimi nimekuelewa. Na sikuwa na shaka, maana najua sikukutilia kitu. Sasa kawaelezee waliofunga."

"Nitasimama kanisani niseme."

Akacheka, cheko kavu. "Useme? Mdomo wako ndio ulikataa, baba. Mdomo huo huo ndio utalipa, lakini si kwa kusema."

Nilirudi Kiboko nikifikiri njia nzima, na nitasema wazi kwamba si kila mtu angelifikiria nililolifikiria. Ilitaka mtu aliyesoma. Chuoni tulifundishwa, na mimi ndiye niliyeongoza darasa katika mtihani ule, kwamba umaskini wa jikoni hauleti ugonjwa. Ugonjwa huja na chakula kilichopoa. Kitu kinachotokota mbele ya macho yako na kuingia kwenye sahani safi papo hapo ni salama, kiwe cha hoteli ya kifalme au cha mafiga matatu ya Zombe. Kwa hivyo kula kwa shangazi ningeweza, ila uwanjani, moja kwa moja kutoka motoni. Lakini nilikuwa na wadai wengine, karibu kijiji kizima, kila mmoja akinisubiri kwenye sebule yake na sahani iliyofunikwa. Nyumba zote hizo singeweza kuziingia nikatoka mzima.

Basi nyumba zote ziingie kwenye sufuria moja.

Nilimpigia shangazi. Safari hii alishika. Nikamwambia: siku ya pili ya Krismasi, uwanjani kwako, wewe ndiye mpishi. Kila aliyenikopesha alete kopo la nafaka yake, mahindi au maharagwe au mbaazi, alitie mwenyewe. Nikila sufuria hiyo nimekula kwa kila mtu.

Akashusha sauti.

"Na wasipokuja?"

"Watakuja."

"Kutia chakula chao kwenye sufuria yangu? Hawa wa kufunga? Wasipokuja, baba, hakutakuwa na wa kusema tena ni uvumi. Kila mtu atakuwa ameona sufuria tupu kwa macho yake."

"Mwaitu, nimewahi kusema jambo likakosa kuwa?"

"Ulisema utaniletea mifuniko mipya ya sufuria. Nafunikia majani ya migomba."

Mifuniko nikaipeleka. Kisha nikawapigia wadai wote. Wengi walisema "tutaona", neno ambalo kwetu linaweza kuwa ndiyo, na linaweza kuwa mlango uliofungwa polepole. Yule mzee wa kanisa aliuliza mara mbili. "Nilete mbaazi zangu nizitie kwenye sufuria ya nani?" Nikamjibu. Akasema, "Mhm."

Siku hiyo nilifika kabla ya jua kuwaka, na niliupanga uwanja ule kama ninavyopanga harusi za watu wakubwa. Mtungi wa maji wenye bomba na sabuni langoni. Benchi za kanisa zimeachana. Upande upepo unakoelekea niliweka viti vyenye kitambaa chekundu, nikamwambia dada yangu atangaze: mwenye mafua, kikohozi au mtoto wa vipele akae pale bila aibu, sahani itamfuata. Salamu ni za kupunga mkono. Hakuna kuingia ndani. Spika ilitolewa nje, na hata hiyo niliipimia sauti.

Shangazi alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha Pasaka. Aliwasha moto, akatia muthokoi wake ulioloweshwa usiku kucha. Dada yangu akatia maharagwe aliyoyaleta kutoka Mbumbuni. Sufuria ile ya harusi inalisha kijiji, na vilivyokuwa ndani havikufunika hata kitako chake. Maji yakaanza kutokota. Barabara ilikuwa nyeupe, na juu yake hapakuwa na mtu.

"Wamelala," nikasema. "Jana ilikuwa Krismasi."

"Mhm," shangazi akasema. Akakoroga, ingawa hapakuwa na cha kukoroga.

Wa kwanza alikuwa mzee wa jogoo. Alikuja kwa fimbo, na kopo la kahawa kwapani, akanawa mikono kwa makini ya mtu anayejua anatazamwa, akaenda moja kwa moja hadi motoni. Alimwaga mahindi yake, akaligonga kopo kwenye ukingo wa sufuria, akalichungulia kama limebaki na punje.

"Jogoo wangu alikuwa mkubwa kuliko hili kopo," aliniambia. "Ule sana."

Baada yake wakaja wawili, kisha kundi. Akina mama wa kikundi walikuja pamoja, kwa mstari, kila mmoja na kifuko chake, na mwenyekiti wao mbele. Walitia nafaka zao bila kumtazama shangazi usoni, na yeye aliendelea kukoroga bila kuwatazama. Mwanamke mmoja alipiga chafya langoni, akajitazama, kisha akageuka mwenyewe akaenda kukaa kwenye kitambaa chekundu. Sikumwambia mtu, lakini hapo nilitaka kulia. Walikuwa wameelewa.

Mzee wa kanisa alifika wakati chakula kinakaribia kuiva, na alisimama langoni kitambo kirefu na mfuko wake wa mbaazi.

"Ingia, mzee," nikaita. "Sufuria haina meno."

Akaingia, akatia. Mpishi yeyote atakwambia kwamba mbaazi iliyochelewa kuingia hutoka ngumu. Nikaongeza kuni.

Saa ya kula ikafika, na watu wakasogea mpaka mahali nilipowaruhusu. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya mgeni, aonekane kwamba alichokipika anakila. Shangazi alijua macho yote yako kwenye mkono wake. Akachota mwiko uliojaa, unafuka moshi, akauinua mdomoni.

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Leo usionje, mwaitu."

Spika ilikuwa imezimwa, sijui na nani. Nilivua barakoa, nikaleta sahani yangu chini ya mwiko ule, akamimina. Nikala. Chakula kilikuwa moto kiasi kwamba machozi yalinitoka, na nikayaacha yatoke, maana mpishi aliyesoma hatemi chakula mbele ya wateja. Nikameza. Nikachukua kijiko cha pili, na cha tatu, nikitafuna kwa mdomo ulioonekana na kila mtu. Walikuwa wananitazama kama watu wanaotazama mawingu ya Oktoba wakingoja mvua.

"Hakina chumvi," nikasema.

"Chumvi ilikuwa kazi yako!" shangazi akafoka. "Kwenye hiyo diploma hawakuwaandikia chumvi?"

Mzee wa jogoo ndiye aliyeanza kucheka, akifuatiwa na dada yangu, halafu uwanja mzima, mpaka wale wa kitambaa chekundu. Mwenyekiti wa akina mama akasogea na sahani yake. Akainyoosha kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sakramenti.

"Nipakulie, mwaitu."

Shangazi akashika mwiko hewani. "Si huwa mnafunga?"

"Tumefungua."

Akampakulia. Akampakulia mpaka sahani ikalemewa, akamwongezea tena, na wa pili, na wa tatu, akiwauliza kila mmoja kama naye amefungua, na kila mmoja akijibu kwa sauti. Sokoni Jumatatu yake, dada yangu aliniambia baadaye, beseni la mandazi lilirudi tupu kabla ya saa nne.

Wadai wangu walikula kwenye benchi zao zilizoachana, wakipiga kelele kutoka benchi hadi benchi, na nitadai hapa bila haya kwamba hakuna harusi niliyopika iliyokuwa na furaha ile. Waliotaka kunikaribia walisimama mbali kidogo na kuniita. Nilizunguka, nikisema na kila mmoja, na kila mmoja aliniuliza kama nimekiona chake. Nimekiona, nikajibu. Mahindi yako ni ya manjano. Maharagwe yako ndiyo yale madoadoa.

"Na mbaazi zangu?" aliuliza mzee wa kanisa. Alikuwa ameinamisha kofia magotini. "Zilichelewa."

"Nimezisikia kwa meno, mzee. Na nimezimaliza."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi umelipa," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka langoni.

Jua lilipoanza kushuka, shangazi alikuja kunibariki. Alisimama umbali niliomfundisha, akafikiri, kisha akainama akatemea mate kwenye viatu vyangu, kimoja baada ya kingine. "Viatu havina figo," alisema. "Ishi, baba."

Na hapo simu yangu ikalia, saa ya dawa. Nikavitoa vidonge mfukoni, nikageuka kuelekea pikapu, ambako nina chupa yangu ya maji. Mkebe wangu ulikuwa huko pia, na chakula cha Kiboko ndani yake, haujafunguliwa.

"Wapi?" shangazi akauliza.

Alikuwa ameshika kikombe, kimefunikwa kwa kisahani, na mvuke unatoka pembeni.

"Maji yamechemka," alisema. "Nimeyachemsha mara mbili, nikayatazama."

Nikayapokea, nikameza dawa zangu, nikayanywa yote.